Shimo la Barabarani Huanzia Mferejini

Wakulima wenzangu, kila mvua za masika zikishika, meza yangu katika ofisi ya kilimo hujaa barua za namna moja. Mmoja aandika kwamba lori la maziwa halikufika kwa siku mbili. Mwingine asema magunia yake ya viazi yalilala kando ya barabara mpaka yakaanza kunuka, na mnunuzi akaenda zake kwa watu wengine. Kazi yangu si kazi ya barabara. Mimi ni karani, na mambo yangu ni mbegu, mbolea na hesabu ya mifugo. Lakini watu hawajui mlango mwingine wa kubisha hodi, basi barua huja kwetu, nami huzipeleka zinakohusika. Baada ya miaka ya kuzipeleka nimepata maoni yangu mwenyewe, na najua hayatawapendeza wote.

Maoni yenyewe ni haya. Katika barua hizo watu waomba lami, waomba moramu, waomba greda. Sijapata kuona barua hata moja iliyoomba mfereji. Lakini shimo la barabarani halizaliwi na uchache wa lami. Huzaliwa na maji yaliyokosa pa kwenda. Na hapa kwetu Kinangop, mara nyingi walioyafungia maji njia ni sisi wenyewe tunaoandika barua.

Kabla ya kushika kazi ya ukarani nilisomea ualimu, na bado naamini kwamba jambo likifanywa kwa mkono husadikika kuliko likisemwa kwa mdomo. Basi jaribu hili nyumbani pamoja na watoto. Chukua beseni, ulijaze udongo mkavu, uushindilie kwa ngumi mpaka uwe mgumu. Bonyeza kwa kidole gumba: hakizami. Sasa funika udongo huo kwa kipande cha mpira wa tyubu kuukuu ya motokaa, nacho ukipasue ufa mdogo katikati kwa kisu. Mimina kikombe cha maji juu yake, ungoje kidogo. Kisha bonyeza karibu na ufa, uachilie, ubonyeze tena, mara thelathini au arobaini. Utaona kwamba kila ukibonyeza, maji ya matope yaruka kutoka katika ufa. Funua mpira utazame. Chini ya ufa pana kishimo, na udongo uliokuwa mgumu umekuwa kama uji.

Hivyo ndivyo ilivyo barabara. Mpira ni lami, kidole ni gurudumu, na udongo ni msingi unaobeba mzigo. Watu wengi hudhani lami ndiyo nguvu ya barabara, kumbe lami ya barabara zetu za mashambani ni kifuniko tu, tena chembamba. Jua huikausha mwaka hata mwaka, ikapoteza mafuta yake, ikawa ngumu na kupata nyufa zinazofanana na mgongo wa kobe. Nyufa hizo si shimo bado. Kiangazi motokaa hupita juu yake bila shida. Mvua ikija, maji huingia ndani na kuulowesha msingi. Gurudumu likipita, maji hubanwa, nayo yakitoka hutoka na mchanga na udongo laini. Gurudumu la pili hufanya vivyo hivyo, na la mia, na la elfu. Chini pabaki uwazi. Siku moja lori lakanyaga, kifuniko chavunjika, na asubuhi mwenye bodaboda aanguka, nasi twasema shimo limetokea usiku mmoja. Lilianza zamani.

Katika barabara ya moramu mambo ni yale yale, ila hakuna kifuniko. Barabara ya moramu hujengwa na mgongo, yaani katikati juu na pande mbili chini, kiasi cha sentimita 5 kwa kila mita 1, ili maji yateremke upesi. Mgongo ukilika, maji hukaa katikati. Gurudumu likiingia katika kidimbwi hurusha maji pamoja na udongo, kidimbwi kikawa kikubwa zaidi, kikashika maji mengi zaidi. Nani asiyekijua kidimbwi cha namna hiyo karibu na kwake?

Wenzetu wa nchi za baridi wana adui mwingine tena. Maji yaliyoingia katika ufa huganda usiku, na maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa karibu sehemu 9 katika 100, yakainua lami. Mchana huyeyuka na kuacha uwazi. Sisi wa Kinangop tunayo jalidi, ule umande unaoganda alfajiri ukachoma majani ya viazi, lakini haifiki chini ya lami. Kwa hiyo tusisingizie baridi. Kwetu ni mvua na uzito.

Juu ya uzito nina neno fupi. Kati ya miaka ya 1958 na 1960 wahandisi wa Marekani walifanya majaribio ya barabara karibu na mji wa Ottawa katika jimbo la Illinois, wakaendesha malori yenye uzito mbalimbali usiku na mchana, huku wakipima jinsi barabara zilivyoharibika. Waliona kwamba ukizidisha uzito wa ekseli moja mara mbili, madhara hayawi mara mbili, bali huwa karibu mara 16. Sasa fikirieni lumbesa. Tangu mwaka wa 2019 kanuni zinasema gunia la viazi lisizidi kilo 50, na sote twalijua gunia lenye kilemba linalopandishwa lorini jioni. Lumbesa humwibia mkulima, hilo limesemwa sana katika mikutano. Lisilosemwa ni kwamba lori lile lile lililojazwa kupita kiasi huondoka na kipande cha barabara ya mkulima huyo huyo.

Hata hivyo, lori zito juu ya msingi mkavu laweza kuvumiliwa. Neno hili lilifundishwa zamani na Mskoti mmoja, John Loudon McAdam, aliyewekwa kuwa msimamizi wa barabara za Bristol, Uingereza, mwaka wa 1816. Siku zile watu waliamini kwamba barabara nzuri ni ile yenye mawe makubwa chini. McAdam alisema sivyo. Anayebeba mzigo, alifundisha, ni ardhi yenyewe, nayo ikiwa kavu hubeba uzito wowote. Kazi ya mawe madogo yaliyoshindiliwa juu ni kuizuia mvua isiingie. Kwa hiyo aliinua barabara juu ya ardhi iliyo kando na kuchimba mifereji. Lami haikuwamo katika mafundisho yake. Yeye alifariki mwaka wa 1836, na miaka mingi ilipita kabla ya watu kuanza kumwaga lami juu ya mawe ya namna yake. Mtu huyo alijenga barabara njema bila lami, nasi leo tunayo lami bila mifereji!

Sasa tutazame shimo linavyotengenezwa mjini, maana wengi wetu twapita tu ndani ya matatu wala hatuoni. Nimewahi kusimama katika mji mmoja, nikiwa nimekwenda kwa shughuli za ofisi, nikaona vibarua wakitia lami katika mashimo huku mvua ikinyesha. Mmoja alimwaga lami kwa koleo ndani ya maji, mwingine akaipigapiga kwa mgongo wa koleo, wakapanda gari wakaenda. Nilirudi mjini baada ya majuma matatu. Lami ilikuwa imetawanyika barabarani kama makaa, na shimo lilikuwa pale pale.

Mwaka uliofuata nikaona kazi ya kweli katika mji mwingine. Kwanza, hawakuanza kwa kujaza bali kwa kukata. Mashine yenye msumeno wa duara ilikata mraba kulizunguka shimo, tena mbali kidogo na ukingo wake, mpaka ikafika kwenye lami nzima isiyo na nyufa. Nilipouliza kwa nini wanapanua shimo badala ya kulipunguza, msimamizi alinijibu kwa upole, "Mwalimu, ukishona kiraka juu ya nguo iliyooza, uzi utashika nini?" (Sikuwa nimemwambia kwamba nilisomea ualimu. Labda ni ile kalamu mfukoni.) Kisha walichimbua matope yote mpaka wakafikia udongo mkavu, wakaweka kokoto tabaka kwa tabaka, kila tabaka likashindiliwa kabla ya jingine kutiwa. Wakafagia, wakapaka lami nyepesi chini na katika kuta za shimo ili mpya ishikane na ya zamani. Ndipo ikaja lami ya moto iliyofunikwa kwa turubai isipoe njiani, maana lami hiyo hutengenezwa kwa moto wa digrii kama 150, na ikipoa haishindiliki tena. Waliijaza ikapita juu kidogo ya barabara, kwa kuwa magurudumu yataishusha. Mwisho walipaka lami katika mshono wote wa pembeni ili maji yasipate mlango.

Iko pia lami baridi, ambayo huwekwa katika mifuko na kutumika wakati wa mvua au mahali palipo mbali na kiwanda. Si mbaya, nayo huokoa watu wasianguke, lakini hata hiyo hutaka shimo lisafishwe na maji yatolewe. Na mji wenye akili hautangoji shimo. Wakati wa kiangazi watu wake hupita wakijaza nyufa kwa lami ya maji, kazi nyepesi na ya bei ndogo ambayo hakuna mkubwa anayealikwa kuja kuizindua.

Mwaka wa 2012 mji wa Boston, Marekani, ulitoa programu ya simu inayohisi mtikisiko wa gari na kuupelekea mji habari za mashimo. Ni jambo la ajabu, lakini watu waliona kasoro yake mapema: mtaa wa watu wenye simu nzuri na magari mengi hupeleka habari nyingi, na mtaa wa maskini huonekana kama hauna mashimo. Nayasema haya ili msione haya kuandika barua zenu kwa mkono. Andikeni. Ila andikeni pia maji yanatoka wapi.

Nilijifunza kuuliza swali hilo kwa aibu, nami sina budi kueleza.

Barabara ipitayo mbele ya shamba langu ilitiwa lami nyembamba miaka kadhaa iliyopita. Karibu na kona ya kituo cha maziwa pakatokea shimo. Likajazwa, likarudi. Likajazwa tena, likarudi kubwa zaidi. Mvua za mwaka wa 2024, zile zilizovunja barabara na madaraja sehemu nyingi za Kenya, zilipofika kwetu, lori la maziwa lilizama hapo ekseli ya nyuma ikakaa juu ya lami. Kwa siku tatu maziwa hayakuchukuliwa. Nyumbani kwangu tulimwaga lita 14 kila siku. Jirani yangu, mama mjane mwenye ng'ombe mmoja ambaye ndiye karo ya watoto wake, alibeba mtungi wake mgongoni katika matope mpaka njia kuu, na alipofika aliambiwa yameganda. Alirudi nayo. Sikumwona akilia, lakini siku ile hakunisalimu, na mimi ndiye katibu wa wakulima wa kijiji chetu.

Nikaandika barua kali. Naijua kazi hiyo, na barua ilikuwa nzuri. Nilitaja uzembe, nilitaja kodi zetu, nikapeleka nakala kwa wakubwa watatu. Mhandisi akaja, kijana wa umri wangu, amevaa mabuti ya mpira. Wazee walikusanyika kumwonyesha shimo. Alilitazama muda wa kuvuta pumzi moja tu, kisha akalipa kisogo, akaanza kupanda mlima akifuata mfereji wa kando ya barabara. Sisi tukamfuata. Mfereji ulikuwa mkavu huko chini, jambo ambalo peke yake lingalitufundisha kitu, maana mvua ilikuwa imenyesha usiku. Akahesabu hatua zipatazo 60. Akasimama kwenye lango langu.

Pale langoni nilikuwa nimeujaza mfereji kwa mawe na udongo mwaka ule niliponunua mkokoteni, ili upite kuingia shambani. Nilikuwa nimekusudia kuweka bomba, nikasema nitaweka baada ya kuuza viazi, na viazi viliuzwa mara nne tangu hapo. Maji yote ya mlimani yalifika kwenye mawe yangu, yakapanda juu ya barabara, yakateremka katikati ya lami mpaka kona ya kituo cha maziwa, ambapo barabara ni tambarare, yakatulia hapo kunywa msingi.

"Shimo lenu ni hili," akasema yule mhandisi.

Mzee mmoja akanitazama, akasema, "Mwalimu, ile barua uliyotusomea, soma tena." Wakacheka wote, ila mimi na yule mama.

Siandiki haya ili kuwaondolea lawama wanaohusika na barabara. La. Kila mtu anunuaye petroli au dizeli hulipa ushuru wa kutunza barabara, ulioongezwa mwezi wa Julai 2024 kutoka shilingi 18 hadi shilingi 25 kwa lita. Mkulima mwenye pampu ya maji au mashine ya kukata majani ya ng'ombe hulipa ushuru huo ingawa pampu haitembei barabarani. Ana haki ya kuuliza. Katiba ya 2010 iliwapa Serikali ya Taifa barabara kuu na kaunti barabara za kaunti, basi yafaa mkulima ajue barabara yake ni ya nani kabla ya kuandika, la sivyo barua yake itatembezwa kutoka meza hata meza kama ng'ombe asiye na alama. Na wale waliojaza shimo letu mara mbili bila kupandisha macho kwenye lango langu walipoteza fedha zetu mara mbili. Kuliona lango hilo ilikuwa kazi yao, kwa kuwa ndio waliosomea.

Lakini nasema kwamba fedha nyingi zaidi hazitatusaidia ikiwa mifereji haina mwenyewe. Wazee wakumbuka mpango wa barabara za kufikia mashamba ulioanzishwa na Serikali mwaka wa 1974. Barabara zile zilijengwa kwa majembe, sururu na mikokoteni ya mkono kuliko mashine, na waliofanya kazi walikuwa watu wa hapo hapo. Barabara ikiisha, kipande cha kilomita moja au mbili alikabidhiwa mtu anayekaa kando yake, akalipwa kukata nyasi, kuzibua mifereji na kufukia vishimo vikingali vidogo. Mtu huyo alijua kila lango, na aliyefunga mfereji alimwona asubuhi yake. Kwetu leo hayupo mtu wa namna hiyo. Greda huja mara moja kwa mwaka ikija, na mara nyingi husukuma udongo ndani ya mfereji ule ule tuliouhitaji. Kama ningeulizwa fedha za barabara yetu zianze wapi, ningesema zianze kwa mshahara wa mtu mmoja mwenye koleo.

Na sisi tuanze na malango yetu. Bomba la saruji ndilo la kuweka, si gogo wala madebe yaliyotobolewa. Liwe na upana wa sentimita 60 ikiwezekana, kwa maana bomba jembamba huziba na koleo haliingii kulisafisha. Literemke kidogo kufuata maji, na mawe yapangwe mdomoni lisichimbwe. Mwenye shamba juu ya barabara asielekeze matuta yake barabarani. Matuta yamwage maji mahali penye nyasi au kwenye bwawa. Wenzetu wa sehemu za Makueni na Kitui, ambako mvua ni haba, huyataka maji ya barabara na kuyaongoza kwa mitaro mpaka kwenye matuta na mabwawa yao, nao hupata mahindi na barabara hubaki kavu. Kwetu maji ni mengi, lakini bwawa la ng'ombe wakati wa Januari si kitu cha kudharau.

Bomba langu lilinigharimu bei ya mbuzi wawili wazima. Nililiweka mwezi wa Agosti mwaka ule ule, na mhandisi akarudi na watu wake wakakata shimo mraba na kulijaza jinsi nilivyoeleza. Yule mama alipita akiwa na mtungi, akasimama, akatazama ndani ya bomba kutoka upande huu akaona mwanga upande ule, akasema, "Sawa, Mwalimu." Tangu siku hiyo twasalimiana.

Chini yangu kuna malango mengine matatu yaliyojazwa mawe. Wawili wamekubali kununua mabomba kwa pamoja ili gari la kuyaleta liwe moja. Wa tatu, mzee ninayemheshimu sana, amesema atangoja kwanza aone kama langu litapitisha mvua za Novemba.